Barua za Kuanikwa

9 Februari

Mke wangu Sindano,

Salamu naziruka. Nikikuuliza hujambo utaniambia sijambo, nami nitabaki na hiyo "sijambo" yako mkononi nisijue pa kuiweka. Dada yako ameniambia kwamba tangu dripu ya pili ya kemo, hiyo dawa ya saratani, mdomo umekujaa vidonda na kuongea kunakuuma. Basi tuandikiane, kama enzi zile ulipokuwa unasomea ushonaji na mimi ndiyo kwanza najifunza kukanda unga. Kwenye simu mimi sina maana hata hivyo. Nasema "eeh" na "mmh" mpaka mtu anadhani nimesinzia.

Barua nampa dereva wa gari letu la mikate. Kila Jumamosi anakuja huko mjini kusambaza madukani, na kwa dada yako ni njiani. Ataiweka juu ya trei ya mikate isikunjike. Mkate uliofungwa kwa kitambaa cha bluu ni wako. Nimeuoka peke yake, mwisho kabisa, moto ukiwa umepungua. Ule niliokutumia siku ya dripu ya kwanza ulisema uliumaliza palepale kwenye kiti cha hospitali, dawa ikiingia. Hilo nalikumbuka kila siku na kufurahi. Kama mimi siwezi kukaa pale na wewe, angalau mkate wangu ulikaa.

Cherehani yako nimeifunika kwa shuka, maana ukuta wetu na wa tanuri ni mmoja na unga haupigi hodi. Nalala upande wangu wa kitanda tu. Wako siugusi. Naogopa nitauzoea.

Nijibu, hata kwa mistari miwili.

Wako aumukaye haraka,
Hamira


17 Februari

Mume wangu Hamira,

Hilo jina nilikupa kwa sababu ya hasira zako, siyo kwa sababu ya mikate, usijisahau.

Vidonda vinapona. Nesi amenionyesha kusukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo kila baada ya kula, na mswaki ni ule laini wa mtoto. Kijiko cha chuma nimekiacha, kila kitu kilikuwa na ladha ya msumari. Sasa natumia cha mti, nakula kidogo kidogo, na chakula lazima kiwe kimepoa kwa sababu cha moto kinanukia sana. Viazi baridi, wali baridi. Dada anasema nimekuwa kama paka wa jirani, nanusa sahani kisha naondoka.

Nywele zimekwenda. Nimejishonea kofia kutoka kwenye lile shati lako la mistari uliloliwazia mwezi mzima kwamba limepotea. Halikupotea. Nililiiba siku naondoka.

Mkate nimeupata. Ulikuwa laini na ganda limeshika rangi nzuri. Nimekula vipande viwili na chai.

Usije bado, tafadhali. Kinga ya mwili imeshuka na nesi hataki wageni mpaka nimalize dripu zote sita. Nakukumbuka mpaka naona haya, mtu mzima kama mimi.

Mkeo, Sindano, ambaye siku hizi anachomwa yeye


3 Machi

Sindano wangu,

Vipande viwili! Nimewatangazia wateja wote. Yule mwalimu mstaafu anayekuja na kikapu alipiga makofi pale dukani. Nikaenda kufikiria: mtu mwenye vidonda mdomoni anahitaji nini? Nimepunguza moto, nimeongeza maziwa, ganda sasa unaweza kulikata kwa ulimi. Mkate wa Jumamosi iliyopita ulikuwa wa namna hiyo. Niambie kama nimefanikiwa, na usiniogope, nirekebishe kama unavyomrekebisha mteja mwenye mabega yaliyopinda.

Ila kuna jambo linanikereketa. Dereva anasema Jumamosi iliyopita alipofika, sebuleni kwa dada yako kulikuwa na majirani wanne wanacheza karata. Hao nao si wageni? Wana kinga gani mimi sina?

Nataka kuja Jumapili ya wiki ijayo. Sitaingia ndani. Nitasimama mlangoni, nitafunika mdomo, nikuone nigeuke nirudi. Nimekosa usingizi nikiwaza kofia yenye mistari.

Hamira


10 Machi

Hamira,

Usije. Nakuomba kwa mapenzi yote tuliyonayo, usije Jumapili wala siku nyingine mpaka nikuite. Hao majirani ni wa dada na nimemwambia asiwalete tena.

Dripu ya tatu imenishika kidogo lakini napambana. Nakunywa maji kwa vifuniko vya chupa, nanyonya barafu, tangawizi pia ninayo. Usiwe na wasiwasi.

Mkate wa Jumamosi hii umeipita yote uliyowahi kuoka. Umeumuka vizuri, na chumvi imekaa sawasawa kabisa.

Naandika mkono ukiwa mzito. Tutaandikiana.

Sindano


13 Machi

Mke wangu,

Jumamosi hiyo nilisahau chumvi.

Nilikuwa nakanda huku nakuwaza, na kopo la chumvi likabaki rafuni limefungwa. Nilisahau kwa mikate yote ya siku ile, na wako ulitoka kwenye unga huohuo. Wateja wameirudisha. Mwalimu mstaafu, ambaye hana ubaya na mtu, aliniambia ni kama kutafuna boksi lililonyeshewa. Dereva amerudi na trei zimejaa. Tangu nianze kazi hii sijapata aibu kama ile, na wewe unaniambia chumvi imekaa sawasawa.

Ungeniambia ulimi wako hausikii ladha tena, ningekuamini. Lakini uliisifu. Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, Sindano. Ule mkate hukuugusa. Na ule wa maziwa? Na vile vipande viwili nilivyowatangazia watu?

Kama huli, unaishi kwa nini? Au hali yako ni mbaya kuliko unavyosema, na mnanificha wewe na dada yako mpaka niitwe kwa mambo mengine? Au ni mimi? Umekaa mbali, umegundua unapumua vizuri zaidi bila mimi? Niambie tu. Lililo baya nilijue, nitalibeba. Hili la kubahatisha ndilo linalonimaliza.

Sijatuma mkate.

Hamira


25 Machi

Shemeji,

Nakuandikia mimi, dada wa mkeo, bila ruhusa yake. Kwanza tulia, yuko hai, amekaa kitandani na anagombana na mto.

Wiki iliyopita alilazwa. Alitapika mpaka maji ya mwilini yakaisha, akawa akisimama anaanguka. Wamemwekea maji ya dripu, amepata nguvu, jana tumerudi nyumbani. Barua yako alikuwa hajaimaliza. Ilikuwa bado kwenye kamba.

Sasa nisikilize. Barua zako naanika. Ndiyo, kwa vibanio, kwenye kamba ya nguo uani, katikati ya mashuka. Zinafika zimelala juu ya mikate ya moto na zinanuka tanuri kuliko wewe mwenyewe. Ya kwanza aliifungua akatapika kabla ya kufika kwenye "mke wangu". Kwa hiyo naianika, upepo unaipiga, jioni namsomea nikiwa nimekaa dirishani na yeye kitandani. Hata hilo shati la kofia nilimfulia mara nyingi mpaka mistari ikaanza kufifia.

Chanzo ni siku ya kwanza. Alikula mkate wako wote huku dawa inaingia. Usiku ule tumbo likamgeuka, na tangu hapo mwili wake umeamua kwamba mkate ndio uliomdhuru. Nesi anasema hutokea. Ndiyo maana siku za dripu wanakataza mtu kula kitu anachokipenda sana, ila sisi hatukuuliza na siku ile hawakutuambia. Ukisema "mkate" tu, anabana pua. Hakutaka ujue kwamba ni mkono wako. Anasema wewe mkate ndio mdomo wako, akikukataza kuutuma atakuwa amekufunga mdomo.

Mikate yako tumekula mimi na majirani, ndiyo hiyo sababu ya karata sebuleni. Nimenenepa. Ule usio na chumvi tuliwapa kuku na hata wao walitazamana. Sasa nani angejua kwamba atakwenda kuisifu chumvi?

La pili, vidonge. Alipewa vya kuzuia kutapika, naye akawa anavibana kama anavyobana vifungo vizuri vya nguo, anavingojea siku mbaya. Anasubiri atapike ndipo ameze, kinatoka nacho. Nesi akimuuliza hali, anajibu "nzuri", eti asiwasumbue. Nimemsema mbele ya nesi, hakuninunia sana. Sasa amebadilishiwa dawa na ameambiwa ameze kabla hatujatoka nyumbani, ajisikie vibaya asijisikie, na kwa saa zilezile siku zinazofuata. Akipata homa nisingoje kuche, nimkimbize.

Lakini dripu ya nne amekataa. Nimembembeleza, nimemfokea, wapi. Nilipomuuliza kwa nini aache wakati nusu ameshaifikia, akaniambia: "Nimalize nirudi wapi, dada? Nyumba yangu imeshikana na tanuri. Mume wangu ananuka mkate mpaka kwenye nywele. Nikipona na nikawa siwezi kumkaribia, nitakuwa nimeponea nini?"

Nikamuuliza nesi. Nesi anasema kwa wengi hali hii huisha baada ya matibabu, ila hakumwahidi lini. Wewe ndiye mwenye mke, jibu.

Shemeji yako


28 Machi

Sindano wangu,

Barua hii haijapanda gari la mikate. Nimeoga kwa kinyozi kwa sabuni isiyo na manukato, nimevaa shati jipya likiwa bado na mikunjo ya dukani, nimenunua karatasi na bahasha, na naandikia hapa posta nimesimama, kalamu yenyewe imefungwa kwa kamba. Itakuja kwa stempu. Waambie wasiianike.

Kwa hiyo mkate niliouoka nikikuombea kila nilipougeuza, huo ndio ulioharibu kila kitu. Na mimi juu yake nikaongeza maziwa. Nimecheka peke yangu nikikumbuka, halafu nikalia pale nyuma ya magunia, msaidizi wangu akajifanya anatafuta ungo.

Ile barua yangu ya hasira usiimalize. Itupe.

Nenda dripu ya nne. Meza kidonge kabla hujavaa viatu, na nesi akikuuliza hali mwambie ukweli, msumbue, ni kazi yake. Nami nimekwisha kuamua. Tanuri nalizima. Kuna mtu anataka jengo liwe ghala la saruji. Kazi nyingine nitapata, mikono ninayo. Ukirudi utakuta kuta zimepakwa chokaa na mume ananuka sabuni. Unauliza utarudi wapi. Utarudi kwangu, basi. Tanuri si mimi.

Au niruhusu nije hivi nilivyo sasa, nimeoga. Nakusubiri unijibu.

Hamira


6 Aprili

Mume wangu,

Nimekwenda. Jumanne, dripu ya nne. Nilimeza kidonge nyumbani nikiwa mzima kabisa, nikajiona mjinga, lakini nilirudi na tumbo langu likiwa mahali pake. Kesho yake lilinisumbua kidogo, nikala viazi baridi, vikakaa. Nesi nilimsumbua mpaka akacheka.

Barua yako nimeisoma mwenyewe, kitandani, kwa mara ya kwanza tangu nije huku. Na nataka nikuambie ilivyokuwa. Ilifika kama barua ya benki. Niliinusa pembe zote nne, Hamira. Nilifungua bahasha nikaingiza pua ndani. Hukuwemo. Nililia kuliko nilivyolia siku nywele zinatoka, dada akadhani umeniandikia talaka.

Unaona balaa langu? Harufu yako inanitapisha na kuikosa kunaniua. Kwa hiyo usije ukiwa umeoga. Nikikuona halafu nikakukosa, sitavumilia, na nikikunusa halafu nikatapika mbele ya macho yako, nitavumilia hata kidogo? Nakutaka wewe mzima, na unga wako kwenye nyusi. Mwanaume anayenuka sabuni ya kinyozi simjui, asije kwangu.

Tanuri usilizime. Ukilizima nitajua umekubali kwamba hili halitaisha, na mimi nitakubali pia, kwa sababu siku zote nakufuata wewe kwa kukata tamaa na kwa kutumaini. Huyo mtu wa saruji mwambie akatafute ukuta mwingine.

Nilikuficha kwa sababu nilijua utajilaumu, na umejilaumu. Acha. Ulinipa kitu kizuri siku mbaya, makosa si yako wala ya mkate.

Ninachokikumbuka kuliko vyote ni ile sauti alfajiri, unapobwaga donge la unga mezani, pu, halafu pu, na mimi nyuma ya ukuta najua dunia iko sawa naweza kulala tena. Nimelala hapa nikawaza: sauti haina harufu. Nipigie ukianza kazi. Usiseme kitu, hujui kusema. Weka simu mezani, ukande.

Sindano


4 Mei

Sindano,

Simu imejaa unga upande mmoja lakini inasikia, na hilo linatosha. Msaidizi wangu aliniuliza unga huu umenikosea nini hata naupiga hivi. Nikamwambia nyamaza, kuna mtu amelala. Tangu hapo anatembea kwa vidole vya miguu humu ndani kama tuna mtoto mchanga.

Leo nimekanda zaidi ya mahitaji. Sikutaka kukata simu. Nilikusikia unapumua, ukajigeuza, kitanda kikalia, na nikajua ni upande wa kushoto. Mikate imebaki, nimeigawa.

Nimesikia dripu ya tano imepita na homa haikuja. Naihesabu moja iliyobaki kama mtoto anayengoja sikukuu. Nakutamani mpaka mikono inauma, na hiyo mikono imezoea kuuma kwa sababu nyingine.

Hamira (kwa stempu, nimeoga, samahani)


30 Mei

Hamira wangu,

Imekwisha. Ya sita imekwisha. Daktari ameridhika na vipimo, atanitazama tena baada ya miezi michache. Vidole bado vina ganzi, uzi siwezi kuupitisha tunduni wala sindano siisikii, jina langu limenikimbia. Wanasema itaondoka polepole. Kichwani kumeota kitu kama ngozi ya pichi, dada hawezi kupita bila kukishika.

Tumbo limetulia. Jana jirani alipita na chapa fulani ya mkate wa dukani, wa kwenye plastiki, sikubana pua. Lakini ule si mkate, na wewe ungekuwa wa kwanza kusema.

Jumamosi niandikie kwa gari. Juu ya trei, kama mwanzo. Nataka kujua. Naogopa kuliko nilivyoogopa dripu yoyote, maana hii haina kidonge cha kumeza kabla.

Sindano


7 Juni

Mke wangu,

Naandikia mezani kwangu. Kuna unga kwenye karatasi, nimeupangusa mara ya kwanza, mara ya pili nimeuacha. Tanuri liko nyuma yangu linawaka. Sikuoga.

Dereva amesimama mlangoni anataka kuondoka na mimi sijui niandike nini. Tumbo likikataa, waianike. Waiache kwenye kamba mwezi mzima, mvua inyeshe, wino utoke. Nitaandika nyingine. Sitachoka wala sitazima kitu.

Wako,
Hamira


7 Juni, jioni

Hamira,

Nampa dereva hii arudi nayo leoleo, amekubali kungoja, anakunywa chai na dada.

Dereva alipoiingiza ndani, dada alikuwa ameshashika vibanio. Nikamwambia lete. Akasema ngoja ipigwe upepo kwanza. Nikamwambia dada, lete barua ya mume wangu.

Niliishika mapajani, ilikuwa bado ya moto. Tumbo likageuka. Nikafumba macho, nikapumua kwa mdomo kama nesi alivyonifundisha, nikangoja, dada amesimama na beseni. Likageuka tena, kidogo. Halafu likatulia, na harufu ikabaki peke yake, na ilikuwa wewe. Nyusi zako, kola yako, na ule mlango wa nyuma ukifunguka alfajiri. Nimeinusa mpaka imepoa. Nimeisoma na unga umenibaki kidevuni na sijaufuta.

Sijui kama nitaweza kula mkate. Labda bado, labda mwaka mzima bado, usinipimie vipande. Lakini kulala nyuma ya ukuta ule naweza.

Jumamosi ijayo mwambie dereva aniwekee nafasi kiti cha mbele. Narudi na gari la mikate, nitafungua dirisha. Uwe mlangoni, na usioge.

Sindano